Usisubiri Utelezi Uonekane: Nilichojifunza Kwenye Wavu wa Kizimba

Ninyi mnaonifuata kwa ajili ya mahindi, muhogo na bei ya vitunguu mtanivumilia leo, maana nitaanzia majini. Lakini usiondoke. Kama una dumu la maziwa, pipa la maji ya kunywa, mpira wa kumwagilia nyanya au mtumbwi, jambo hili ni lako pia.

Nianze na kosa langu mwenyewe.

Kulikuwa na kikundi kando ya ziwa, upande wa Musoma Vijijini, kilichoweka kizimba chake cha kwanza cha sato. Walichanga, wakakopa, wakanunua wavu wa matundu madogo kwa ajili ya vifaranga, wakaunga fremu ya mabomba juu ya mapipa ya plastiki. Mimi ndiye niliyekuwa nawaelekeza. Niliwaandikia ratiba na kuibandika kwenye ukuta wa banda la chakula: kulisha saa fulani, kupima samaki kila baada ya wiki mbili, kubadilisha wavu mara moja kwa mwezi. Ilikuwa ratiba safi, imepigwa mistari kwa rula.

Wiki ya pili kijana wao mmoja, yule aliyekuwa akiingia majini kukagua kamba, aliniambia, "Bwana samaki, huu wavu umekuwa mzito. Ukiushika unateleza kama kambare." Nikamuuliza kama matundu yameziba. Akasema hapana, bado unaona upande wa pili. Nikamwambia basi tusubiri tarehe, na karatasi nikamwonyesha.

Tarehe haikufika. Zilikuja siku za joto, ziwa limetulia kama sahani, hakuna upepo wa kusukuma maji. Alfajiri moja nikapigiwa simu. Nilipofika, vifaranga walikuwa wamejaa juu, midomo wazi, wanahema, na wengi walikuwa wamekwisha kugeuza matumbo. Wapo walionong'ona kwamba tumewekewa sumu. Siwalaumu. Hakuna mtu wa Mara aliyesahau Machi 2022, maji ya Mto Mara yalipogeuka meusi na samaki wakaelea, na kila mtu akawa na lake la kusema. Lakini tulipouvuta wavu juu, hatukuhitaji maabara. Ulikuwa umevaa koti. Nje kijani cha mwani, ndani yake tope la kahawia, na chini kabisa, kwenye uzi wenyewe, ute kama wa mlenda. Maji yalikuwa hayapiti tena. Mabaki ya chakula na kinyesi vilibaki ndani, na usiku, ambapo mwani hauzalishi oksijeni bali nao unaitumia, wale vifaranga walikosa pumzi.

Tulipoteza zaidi ya nusu. Mweka hazina wao, mama mtu mzima, hakunigombeza. Aliniuliza tu, "Mwanangu, wewe huo wavu uliushika?"

Sikuwa nimeushika.

Tangu siku ile nimekuwa nikisoma na kuuliza kuhusu kitu kimoja: utelezi ni nini, na kwa nini huja kwa ghafla namna ile. Nilichokikuta kimebadilisha jinsi ninavyotoa ushauri, kuanzia vizimba vya Musoma hadi wauza maziwa wa Butiama.

Ule ute wa chini kabisa ni makazi ya bakteria. Wataalamu wanauita bayofilimu. Unaujua tayari, maana unaamka nao: ukoga wa meno asubuhi ni jamii hiyo hiyo. Ukitumbukiza wavu mpya ziwani, ndani ya saa chache bakteria wa kwanza wameshatua juu ya uzi. Wakiwa wachache wanaishi kila mmoja na lwake, na wimbi au brashi vinawaondoa kirahisi. Wakiongezeka wanaanza kutoa gundi, wanajijengea nyumba ya ute, na nyumba hiyo ndiyo mwani, tope, konokono na wadudu wengine wa majini wanayoishikilia. Baharini ndiko mambo huwa makubwa zaidi, kwa sababu kuna na viumbe wenye magamba magumu wanaoganda kwenye meli. Ndiyo maana mafundi wa majahazi wa pwani tangu zamani walipandisha chombo nchi kavu, wakakwangua tumbo lake na kulipaka mchanganyiko wa mafuta ya mnyama na chokaa. Sisi wa maji baridi hatuna viumbe wale, ila tuna joto. Maji ya juu ya ziwa letu huwa kama nyuzi 24 hadi 27 karibu mwaka mzima, kwa hiyo hakuna msimu wa baridi wa kuwachelewesha bakteria.

Sasa swali lililonikamata ni hili: wanajuaje kwamba wamefika wengi? Bakteria hana macho wala masikio.

Hapa nitatumia neno tunalolijua kwenye mikutano: akidi. Mkutano wa kijiji hauamui kitu kama akidi haijatimia. Kikundi cha kuweka na kukopa hakifungui sanduku kama wenye funguo hawajafika. Bakteria nao wana akidi. Kila mmoja anatoa majini kitu kidogo sana, tuseme kama harufu. Wakiwa watatu, harufu hiyo inapotea. Wakiwa maelfu mahali pamoja, inakolea, na kila mmoja akiinusa anajua wenzake wapo. Hapo ndipo wengi wao hubadilika kwa pamoja: wanaongeza gundi, wanatoa sumu kama ni wa ugonjwa, wanafanya mambo ambayo mmoja peke yake angepoteza nguvu bure.

Jambo hili lilijulikana kwa bakteria wa baharini wanaotoa mwanga. Mwaka 1970 watafiti wa Chuo Kikuu cha Harvard, Marekani, akiwemo Kenneth Nealson na Woodland Hastings, walieleza kwamba bakteria wale hawawaki wakiwa wachache ndani ya chupa. Wanazidi kuongezeka gizani, halafu wakifika idadi fulani wanawaka wote. Huko Hawaii kuna ngisi mdogo anayewafuga kwenye kiungo maalumu tumboni mwake, na usiku mwanga wao unamsaidia asionekane kivuli chake kutoka chini. Ndugu msomaji, mfugaji ni mfugaji.

Baada ya hapo likaja swali ambalo kila mwenye wavu angeliuliza: kama wanategemea kusikiana, je, tukiwaziba?

Jibu la kwanza lilitoka kwenye mwani mwekundu wa bahari ya Australia, unaoitwa Delisea pulchra. Watafiti wa Sydney, miaka ya 1990, waliona kwamba mwani huu unakaa msafi wakati mawe na mimea jirani imefunikwa na uchafu wa majini. Walipochunguza, wakakuta unatoa kemikali zinazofanana kwa umbo na harufu zile za bakteria. Bakteria anapokea ile ya bandia badala ya ya wenzake, na mkutano unavurugika: watu wamejaa uwanjani lakini kila mmoja anadhani yuko peke yake. Mwaka 2000 watafiti wa Singapore wakaeleza njia nyingine, kimeng'enya kutoka kwa bakteria wa udongo kinachoikata harufu yenyewe isifike. Hao walikuwa wakifikiria ugonjwa wa kuoza laini kwa viazi na mboga, ambao wakulima wa kabichi mnaujua kwa uvundo wake.

Nilipofika hapo nilifurahi kama mtoto. Nikamwambia mzee mmoja mvuvi wa Bunda, upande wa Guta, kwamba siku moja tutapaka nyavu dawa ya kuwanyamazisha bakteria bila kuua samaki. Alinisikiliza hadi mwisho akiwa anashona wavu wake. Akasema, "Mura, na wakijifunza kuongea kwa vidole?"

Nilicheka, lakini mzee alikuwa karibu na ukweli kuliko alivyojua. Bakteria hawatumii lugha moja. Wapo wenye harufu za aina hii na wenye harufu za aina ile, na kwenye wavu mmoja wamechanganyika makabila mengi kuliko soko la Nyasho. Tena wapo wanaofanya kinyume kabisa. Bakteria wa kipindupindu, kwa mfano, hujenga utando wao wakiwa wachache, na wakishakuwa wengi harufu yao huwaambia watawanyike. Huyo ukimziba masikio, anabaki amejenga. Kwa hiyo ile dawa ya Australia si dawa ya kila kitu, na kemikali zenyewe zina ukali wa kuumiza viumbe wengine zikizidi. Kazi inaendelea maabara, na ni kazi ninayoiheshimu, lakini mtu akija sokoni Kibara na chupa akakuambia hii inanyamazisha bakteria wa wavu, mwambie akuonyeshe kibali chake kwanza.

Na msisahau tulikotoka. Kabla ya kufikiria kuwanyamazisha, dunia iliwaua kwa rangi. Kulikuwa na rangi ya meli yenye madini ya bati, kali kweli kweli, na ilifanya kazi vizuri mno. Huko Ufaransa, ghuba ya Arcachon, chaza wa kufugwa wakaanza kuota magamba yaliyopinda na mazalia yao yakafa, na baadaye ikapatikana kwamba inawageuza konokono jike kuota viungo vya dume. Mkataba wa kimataifa wa kuipiga marufuku kwenye meli ulianza kufanya kazi Septemba 2008. Ninasema haya kwa sababu nimewahi kumkuta mtu akitaka kuloweka wavu wa kizimba kwenye dawa ya kunyunyizia pamba iliyobaki shambani. Maji ya bomba ya mji wa Musoma yanatoka ziwani humu humu. Samaki wako wataila, mteja wako ataila, na wewe utainywa.

Basi tufanye nini tusio na mwani wa Australia?

Tunavuruga mkutano kabla akidi haijatimia. Hilo ndilo kosa langu lilipokuwa. Nilikuwa naangalia matundu kama yameziba, kumbe kuziba ni hatua ya mwisho. Kijana aliponiambia wavu unateleza, alikuwa ananiambia mkutano umeshafunguliwa. Na ukishafungwa kwa makubaliano, kuuvunja ni kazi nyingine kabisa: bakteria walio ndani ya nyumba yao ya ute wanaweza kustahimili dawa ya kuua vijidudu mara nyingi zaidi, hata mara 1,000 kwa baadhi yao, kuliko wanapoelea peke yao. Ndiyo maana mtu anamwaga klorini kwenye pipa lenye utelezi, siku ya pili maji yananuka tena. Dawa imeishia ukutani.

Kwenye kizimba, jambo lililotusaidia kuliko yote ni kipande cha mfano. Siku unapotumbukiza wavu, kata kipande cha wavu huo huo, ukubwa wa kiganja mara mbili, kifunge jiwe na kamba, kining'inize nje ya kizimba kwenye kina hicho hicho. Kila baada ya siku tatu kivute, kishike kwa vidole. Kikianza kuteleza, usisubiri rangi ya kijani. Vaa brashi ya nyuzi ngumu ya plastiki na usugue, au badilisha wavu kama una wa pili. Wavu wa pili ni gharama, najua, na nimeambiwa hivyo kwa sauti kubwa kwenye mikutano. Lakini vikundi viwili vya jirani vinaweza kumiliki mmoja wa akiba kwa pamoja, mradi vifaranga vyao havikuingizwa wiki moja. Wavu uliotoka majini ukaushe juani nchi kavu siku mbili tatu, ukigeuzwa, halafu upige ute ule mkavu utoke kama pumba. Jua letu halina bili. Usifulie ziwani kwa sabuni, na usisimame kwenye maji ya kina kifupi yenye majani ukisugua kwa saa nzima, maana kichocho kipo na mamba wapo.

Ukilazimika kusugua wavu ukiwa majini na samaki ndani, punguza au acha kulisha siku hiyo, fanya kidogo kidogo, na fanya wakati maji yanasogea. Ule uchafu ukitoka wote kwa pamoja unaingia kwenye matamvua ya samaki. Siku za ziwa tulivu, ongeza ukaguzi. Vizimba vya vifaranga vikaguliwe kwanza, kwa sababu matundu madogo huziba mapema. Sato wakubwa wanakusaidia kidogo, wanachuna mwani kwenye uzi kama mbuzi kwenye ua, ila usiwategemee wafanye kazi yako.

Kwa wenye mpira wa matone huko Bunda mnaomwagilia kwa maji ya ziwa: ile mipira inayoziba wiki baada ya wiki mara nyingi si mchanga peke yake, ni ute ulioukamata mchanga. Fungua ncha za mistari usukume maji kwa nguvu mara kwa mara, hata kama matone bado yanatoka vizuri, na usiache maji yamelala ndani siku nyingi juani.

Sasa maziwa, ambako ndiko ninakopata maswali mengi kutoka Butiama na Kiabakari. Mfanyabiashara ananiambia, "Nakamua asubuhi, naosha dumu kila siku, na bado mjini yanakatika kwenye kipimo." Huwa namwomba dumu, naingiza kidole kwenye kona ya mshikio. Huko ndiko mkutano unakofanyika. Dumu la plastiki la mafuta ya kupikia lina kona ambazo mkono hauingii, na plastiki iliyokwaruzwa ni kama jamvi la kukalia. Maziwa mapya ya vuguvugu yakimiminwa humo, baadhi ya bakteria wanaweza kuongezeka maradufu ndani ya nusu saa. Piga hesabu ya safari ya pikipiki hadi Musoma.

Ukiweza, nunua keni ya alumini au ya chuma kisichoshika kutu, yenye mdomo mpana. Usipoweza leo, basi osha hivi: mara tu baada ya kumimina maziwa, suuza kwa maji ya baridi au vuguvugu, si ya moto, kwa sababu maji ya moto yanapika mabaki ya maziwa yakaganda ukutani. Kisha maji ya moto na sabuni na brashi ya shingo ndefu, hadi kwenye mshikio. Suuza. Halafu ligeuze juu chini kwenye kichanja, juani, likauke kabisa. Wengi wanaosha jioni na kulifunika likiwa na unyevu hadi alfajiri. Saa zote hizo umewapa ukumbi.

Bibi zetu walilijua hili bila darubini. Kibuyu cha maziwa hakikuoshwa tu, kilikaushwa, kikasuguliwa ndani kwa kijinga cha mti waliouchagua, kikafukizwa moshi, na kikapata zamu ya kupumzika wakati kingine kinatumika. Ukavu, moshi na zamu. Siwaambii mrudi kwenye vibuyu wote, ila hiyo zamu naomba muirudishe: madumu mawili au keni mbili, moja kazini, moja juani.

Kile kikundi cha Musoma Vijijini kiliingiza vifaranga tena baada ya miezi kadhaa. Kijana yule ndiye mwenye kauli ya wavu sasa, si mimi wala karatasi. Akisema unateleza, unatoka siku hiyo hiyo. Mweka hazina naye ana tabia mpya: kabla hajatoa fedha ya chakula, anaagiza kile kipande cha mfano kiletwe pwani, anakishika mwenyewe, anakinusa, anakirudisha. Safari ya mwisho nilipowatembelea alinipa na mimi nikishike. Kuhusu mkopo wa awamu ile iliyokufa, hajaniambia kama umeisha, nami sijapata ujasiri wa kuuliza.